Shemeji Ndiye Aliyekunywa Maji

Yaya,

Dada yangu Honorine, ni mimi, Lydie, mdogo wako. Leo ni Jumapili, nimetoka misa, nimekaa mbele ya mlango wangu, miguu juu ya kiti cha pili, na sijafua kitu. Nguo za wiki nzima zimo ndani ya beseni. Zikae.

Nilitaka kuja kuzungumza nawe kaburini, lakini kule hawaniachi niende peke yangu. Nikisema naenda, tantine Véro, dada yake Mama, anavaa viatu, na tukifika anaanza kuomba kwa sauti ya kufukuza wachawi mpaka watu wa makaburi ya jirani wanageuka. Nitakuambia siri gani katika kelele ile? Basi nakuandikia. Nakuonya mapema kwamba nina hasira, na kipande cha hasira hiyo ni chako.

Huenda wewe mwenyewe hujui ulivyokufa. Aliyeona ni Naomi, binti yako. Jumamosi ile ulitoka zamu ya asubuhi, ukafika nyumbani kwako, mtaa wa Hewa Bora, ukavua viatu vya kazi, ukafunga kitenge, ukainamia beseni la sare za shule. Hukukaa kwanza. Naomi anasema ulitamka neno moja tu, "kichwa," halafu ukajilaza kando ya beseni kama mtu aliyeamua kupumzika kidogo. Mtoto akadhani unatania, maana hajawahi kukuona umelala mchana. Hospitalini daktari alisema ni tension, presha, kwamba damu imepasua mshipa ndani ya kichwa. Alisema kwa Kifaransa, akarudia kwa Kiswahili polepole, na sote tulimsikia. Lakini tulipofika kilioni, chini ya turubai, ikawa kama hakuna aliyemsikia.

"Balimukula," alisema tantine Véro kabla jeneza halijafika. "Huyu mutoto balimukula. Na muntu mwenye alimukula iko hapa hapa."

Yaya, nilicheka. Nilikuwa nimekaa mkekani, kitambaa kichwani, macho yamevimba, na nikacheka.

Ni neno lile la kuliwa, kwamba umerogwa, ndilo lililonishinda. Unajua tulivyolisikia, wewe na mimi, miaka yote tuliyokaa kwenye ukumbi ule wa kupokea simu za wateja wa kampuni ya simu, vidude masikioni, na kioo kidogo mbele ya kila mmoja ili tujione kama tunatabasamu, kwa sababu shefu, bosi wetu, anasema mteja husikia meno. Mteja wa kwanza wa asubuhi, bando lake limeisha, hata bonjour hajasema: "Munakula mega yangu!" Anayemfuata, wa salio: "Bamwizi! Munakula unité yangu yote!" Wewe unatazama kioo, unatabasamu, unajibu kwa sauti yako ile laini, "Pole sana, papa, tutaangalia pamoja." Ukishakata simu unashika tumbo, unanigeukia: "Mudogo, tangu asubuhi nilishakula mega ya Lubumbashi muzima, na bado njala inaniluma." Mara ngapi nimepokea simu huku nauma kitambaa nisicheke!

Wewe ndiye uliyeniingiza kule, na wewe ndiye uliyenifundisha. Siku yangu ya kwanza mtu mmoja wa Kolwezi alinitukana mpaka nikataka kuvua vidude niende zangu nyumbani. Ukasogeza kiti, ukanionyesha kitufe cha kuzima sauti, ukasema, "Bonyeza, tukana, achilia." Ukabonyeza, ukamtukania yule mtu ukoo wake wote kwa ustadi ambao sijui uliutoa wapi, wewe mwimbaji wa kwaya, ukaachilia kitufe, ukamwambia, "Papa, asante kwa kusubiri." Hayo ndiyo mafunzo niliyopata. Mengine yote yalikuwa kwenye karatasi za kampuni na hayakunisaidia kitu.

Basi pale mkekani, niliposikia kwamba safari hii wewe ndiye uliyeliwa, nilikuona ukishika tumbo. Kicheko kikatoka chenyewe. Wanawake wakanikumbatia, wakadhani ni uchungu umenipanda kichwani. Mama peke yake ndiye aliyeniangalia vibaya. Mama anakijua kicheko changu.

Walimtafuta huyo mlaji kwa bidii, usifikiri walikuchukulia kijuujuu. Kwanza alikuwa jirani yako wa ukuta wa nyuma, kwa sababu wiki ile aliazima mbabula yako, jiko la makaa, akairudisha bila kuitoa majivu. Mumewe akaja na sauti yake, jirani akatoka kwenye orodha. Kisha ikanong'onwa kuhusu mama mkwe wako, lakini wanawe walikuwa wamekaa pale wote, na wana mikono mikubwa. Mwishoni mjomba Sylvestre akakohoa.

"Kazi njo ilimukula," alisema. "Mwanamuke anashinda na bintu pa masikio, anasikia matusi ya bantu benye hajue, anarudia ku nyumba giza ishaingia. Njo ile."

Wote wakaitikia. Ilikuwa rahisi, kwa sababu kazi haina ndugu wa kuitetea kilioni. Na mimi, nisikufiche, nilikaribia kuitikia pamoja nao. Kulikuwa na ukweli ndani ya maneno yale. Kisha nikaona wanakoelekea, maana macho yote yalikuwa yamenigeukia mimi.

Asubuhi baada ya mazishi wazee walituita nyuma ya nyumba, palepale kwenye lupango lako, uani, kati ya masufuria ya wageni na kamba ya nguo. Unajua mambo ya kupyana, kushika nafasi ya marehemu. Bibi yetu alimpyana dada yake aliyekufa, akachukua nyumba, akachukua watoto, akachukua mume, akachukua na jina, hata siku tulipomzika yeye mwenyewe hakuna mjukuu aliyejua jina alilozaliwa nalo. Mjomba alisema tusiogope, siku hizi haifanywi kama zamani. Hakuna wa kunilazimisha kulala na shemeji, mume wako, sisi ni watu wa kanisa. Ni nyumba tu. Ni watoto tu. Nihamie Hewa Bora, niache kazi iliyomla dada yangu, nipike, nifue, niwaangalie. Sina mume, sina mtoto, basi nilikuwa nangoja nini? Walisema kwa upole, na upole wao ndio uliotisha. Mambo yote yalikuwa yamekwisha kupangwa. Mama alikuwa ameshika kikombe cha maji kwa mikono miwili.

Kwetu anayepyana hunywa maji mbele ya watu. Akimeza, imekwisha, hakuna kurudi nyuma. Na unajua kikombe chenyewe kilikuwa kipi? Kile cha plastiki cha kitinda mimba wako, Gloire, chenye picha ya bata, kwa sababu vikombe vizuri vyote vilikuwa mikononi mwa wageni.

Niliogopa, Yaya. Niliogopa kuliko hospitalini. Watoto wako nawapenda, ningewabeba mgongoni kutoka kwako mpaka uwanja wa ndege wa Luano bila kuwashusha. Lakini nilijua kwamba nikinywa maji yale nitakuwa wewe. Nitainama kwenye beseni lile lile, nitasubiriwa na njaa zile zile, na siku moja watakaa chini ya turubai wakiulizana nani amenila mimi. Na tena nitakuwa nimeacha kitu pekee nilichokipata kwa jasho langu, kiti changu, jina langu kwenye skrini, wasichana wanaoniita Yaya kwa sababu nimewafundisha kitufe chako. Kazi ile naichukia siku nyingi. Lakini ni yangu, na sikuwa tayari kuivua kwa kumeza maji ya bata.

Nikasimama. Anayepyanishwa hasimami, hukaa ameinamisha kichwa, kwa hiyo tayari watu wakaanza kuguna. Nikawaambia, "Munauliza nani alimukula? Mie niliona. Bote niliwaona."

Nikawaeleza habari ya vidonge. Hawakuwa wanajua, hata shemeji hakuwa anajua. Daktari alikupa vidonge vya tension, na kimojawapo ni cha kutoa maji mwilini, ukikinywa asubuhi unakwenda chooni mara kwa mara. Na kazini kwetu kwenda chooni si jambo dogo: unainua mkono, unabonyeza kitufe cha mapumziko, jina lako linageuka jekundu kwenye skrini kubwa mbele ya ukumbi mzima, na shefu haangalii kitu kingine. Mwenye wekundu mwingi hupangiwa zamu mbaya, zile za kutoka nyumbani watoto wamelala na kurudi wamelala. Ndiyo maana kidonge kile ulikinywa siku za mapumziko tu. Uliniambia mwenyewe, tumesimama getini tunakula karanga: "Mie tension yangu inaponaka paka dimanche." Eti inapona Jumapili tu! Tulicheka tukapiga mikono.

Kwa hiyo shefu alikula kipande chake, nikawaambia. Mjomba akatikisa kichwa kwa kuridhika, akidhani nimemaliza. Nikamgeukia shemeji.

Shemeji wangu si mtu mbaya, wewe unajua kuliko mimi. Hapigi, halewi, hakimbii nyumba. Anatengeneza friji za watu palepale uwani, kwa hiyo mchana kutwa yuko nyumbani, na mbabula iko hatua chache tu kutoka kwenye benchi lake la kazi. Makaa yapo, unga upo, watoto wamerudi shule, na yeye anakaza skurubu huku anakusubiri. Ukisukuma geti tu, hata mkoba hujaweka chini: "Mama Naomi, njala." Nililisema neno hilo kwa sauti yake, kama tulivyokuwa tukimwigiza wewe na mimi. Safari hii hakuna aliyecheka. Yeye alijifunika uso kwa kofia.

Sikuishia kwake. Nikamtaja tantine Véro na kamati yake ya kanisa, ambayo kila sherehe jina lako ndilo la kwanza kuandikwa kwa upishi. Mama, aliyekutumia kila binamu aliyetoka kwake shambani Annexe kuja kutafuta shule mjini, kwa sababu kwako kila mara nafasi ilipatikana. Na mimi nikajitaja, niliyejua ya vidonge nikacheka, sikujisahau. Nilikuwa nalia sasa, maneno yanakatika, pua inatiririka, si kama wakili hata kidogo. Nikasema hakuna mulozi, hakuna mchawi. Tulikula wote, kila mmoja kidogo kidogo, na kila mmoja alisema asante.

Halafu nikachukua kikombe kutoka mikononi mwa Mama, nikampa shemeji. "Wee njo umupyane," nikamwambia. "Njo wee uliikala naye."

Sasa sikiliza, hapa ndipo ningependa uwe umekaa karibu yangu. Mume wako alikuwa amelia tangu alfajiri. Koo limekauka, hajala, nadhani nusu ya maneno yetu hakuyasikia. Mtu amemwekea maji mkononi. Akayanywa. Yote, kwa mkupuo mmoja. Akafuta mdomo kwa mkono wa shati, akanirudishia kikombe, akasema, "Merci, shemeji."

Yaya! Ungeona uso wa mjomba Sylvestre! Tantine Véro aliita jina la Yesu, na bibi mmoja wa upande wa shemeji, ambaye tangu jana alikuwa amelala kwenye kona tukidhani hasikii, akapiga kigelegele. Kilioni! Kigelegele! Mjomba akasema haihesabiwi, mwanaume hawezi kumpyana mke wake. Yule bibi akasema maji ni maji, amemeza mbele ya watu. Wakabishana mpaka chakula kikaiva, na hawakupata sheria ya kuwasaidia, kwa sababu jambo lenyewe hakuna aliyewahi kufikiria kulikataza.

Mama hakubishana. Alikunja kitenge chake, akaingia kwenye basi la kurudi Annexe, na tangu siku ile hakupokea simu yangu.

Kuhusu nyumba yako, habari ni hizi. Unamjua mume wako, akishaelewa amefanya nini hujifungia akawaza, na akimaliza kuwaza hakuna wa kumgeuza. Alitoka chumbani akaniuliza, kwa adabu kabisa, mtu aliyekunywa yale maji anatakiwa kufanya nini. Nikamwambia aanze na bukari, ugali wa kila siku. Ile ya kwanza ilikuwa na madonge hata Exaucé, kijana wako mpole ambaye hana lawama, akasema, "Papa, hii iko na majiwe." Ya siku hizi inalika. Sombe, mboga ya majani ya muhogo, bado anaiunguza. Sare za shule anazifua yeye, kwenye beseni lile lile, kisha anazianika zikiwa zimekunjwa vibaya na zinakauka na mistari. Gloire anasukwa naye nywele Jumapili asubuhi, na ukimwona yule mtoto kanisani utajua baba yake ni mtu wa kufunga nyaya. Vijana wa kona wanamwita "Mama Naomi" ili wamkasirishe. Anaitika. Siku moja aliwauliza kama wana nguo chafu wamletee.

Kuhusu Naomi, niliweka mpaka mimi mwenyewe. Unajua ilivyo, mama akiondoka macho yanamwendea binti mkubwa, na tayari tantine alikuwa ameanza kumsifia kwamba sasa amekuwa mama wa nyumba. Nikasema hapana. Ana mtihani wa Serikali, wa kumaliza sekondari. Anaosha sahani yake na vyombo siku ya zamu yake, kama Exaucé, basi. Mimi naenda Jumamosi, naenda kama tantine wao: nakula nilichokikuta, nalalamika chumvi, nawasikiliza watoto, naondoka. Mara nyingine natoka pale nalia njia nzima, kwa sababu harufu ya nyumba bado ni yako.

Kazini nako walitaka nikupyane. Shefu aliniita ofisini, akasema timu yako imebaki bila mkubwa na mimi nina damu yako. Alitumia neno hilo, damu. Kwenye kiti chako walikuwa wamekwisha kumkalisha msichana mpya, anatabasamu kwenye kioo chako mpaka namwonea huruma. Nikakubali. Usishangae. Timu nilichukua, lakini asubuhi ya kwanza, kabla ya kuvaa vidude, niliwaita wenzangu kwenye korido, nikawaambia kwamba kuanzia leo mmoja akienda chooni tunakwenda wote.

Ikafika saa, yule msichana mpya akainua mkono, uso umejaa aibu. Nikasimama. Safu nzima ikasimama. Skrini kubwa ikawa nyekundu tupu kuanzia juu hadi chini, na shefu hakujua aangalie jina la nani. Simu zilikuwa zinalia, Lubumbashi nzima inatafuta mega zake. Sisi tulikuwa chooni tumepanga mstari, tunacheka, mama wa usafi ameshika ufagio anauliza kama kuna mapinduzi.

Mchana nikaletewa ile karatasi yao, demande d'explication, nijieleze kwa maandishi kwa nini timu yangu iliacha simu. Nikaandika sentensi moja: Nous étions allées uriner, yaani tulikwenda kukojoa. Nikatia sahihi. Shefu akaniita akaniuliza kama namtania. Nikamwambia hapana, mama wa usafi ni shahidi. Kesho yake tukaenda tena. Na kesho yake tena. Sasa skrini haionyeshi tena majina ya walioko mapumziko, na shefu anasema ni tatizo la kiufundi. Sawa, nasi hatujamwomba alitengeneze.

Wanaweza kunifukuza, Yaya. Nasikia kuna karatasi nyingine inapikwa huko juu. Kila ikija barua pepe ya ofisi natafuta kwanza jina langu. Lakini ile hofu ya kikombe sina tena, na wakinifukuza watanifukuza nikiwa Lydie. Wasichana watabaki wanajua njia ya chooni.

Hasira yangu kwako sasa. Ulikuwa na sauti ya kumtuliza mtu yeyote aliye upande wa pili wa simu, mji mzima ulikutukana ukautuliza, na kwa ajili yako mwenyewe hukuwahi kuinua sauti hata siku moja. Ulitufanya tucheke. Mambo ambayo ulipaswa kutupigia kelele, ulituchekesha nayo, nasi tukaona raha. Nitakusamehe, lakini si leo.

Nilikuwa nimekwisha kuamua kutokuandikia, ila jana Mama alikuja.

Alifika mchana kutoka Annexe na kifuko cha viazi vitamu, akaingia bila hodi, akapita mpaka chumbani, akakaa juu ya kitanda changu na viatu vyake vyenye udongo. Sikumsalimu, naye hakunisalimu. Kisha akasema, "Alinitelefonia."

Nikamuuliza nani.

"Honorine. Siku ya mbele ya kufa yake. Aliniambia: Mama, nachoka." Akakivuta kifuko cha viazi mapajani. "Nikamuambia: jikaze, mutoto yangu. Shiye bote tulijikaza."

Kumbe uliwahi kusema, Yaya. Nimekuandikia hapo juu kwamba hukuinua sauti, na sitayafuta, acha yabaki ili uone nilivyokuwa sijui. Ulisema mara moja, kwa mtu uliyeona atakusikia, naye akakupa neno aliloambiwa yeye na mama yake. Ndiyo maana alimtafuta mchawi kwa nguvu vile. Ndiyo maana alishika kikombe kwa mikono miwili. "Nilitafuta mulozi juu nilitaka ikuwe yeye," aliniambia, na hapo akalia, mama yetu, ambaye kaburini hakulia.

Nilitafuta la kumwambia. Kumwambia hana kosa lingekuwa uongo, na kumwambia ndiye mwenye kosa lingekuwa uongo mkubwa zaidi. Nikapiga magoti, nikamvua viatu. Nikamwambia, "Mama, lala." Akasema viazi vinataka kumenywa. Nikamwambia vitamenywa. Akasema ni mchana. Nikamwambia naona. Akajilaza kwa ubavu, kwa wasiwasi, kama mtu anayejaribu kitanda cha dukani, na baada ya muda mfupi alikuwa anakoroma.

Nikaweka kiti mlangoni asije mtu akamwamsha. Jua lilipoanza kushuka akaja tantine Véro anamtafuta, amesikia yuko mjini, ana mambo ya kamati. Nikamwambia amelala. Akashtuka. "Iko mugonjwa?"

"Hapana, tantine. Anachoka."

Alisimama pale akiwa ameshika mkoba, akachungulia ndani, akamwona dada yake miguu mitupu juu ya kitanda katika mwanga wa mchana. Sijui aliwaza nini. Aliondoka kwa ncha za vidole, yeye ambaye hajawahi kuondoka mahali popote bila kuomba kwa sauti.

Basi, Yaya, nakuaga. Ahadi yangu kwako ni hii. Neno lile, jikaze, halitatoka kinywani mwangu kumwendea mwanamke yeyote, si Naomi, si yule msichana wa kiti chako, si Mama. Akiniambia amechoka nitamwambia akae, kisha nitazunguka kutafuta nani mwingine ana mikono. Na asipopatikana mtu, kazi italala hadi kesho, kama inavyolala humu ndani ya beseni langu.

Usihangaike na sisi. Pumzika bila kuomba ruhusa. Sisi huku tumepanga kuchoka kwa zamu.

Mudogo wako,
Lydie